Nyumba Iliyomngoja Bwana

Siku tuliyomzika mama, mhubiri alisoma historia yake fupi kando ya jeneza, kama ilivyo ada. Alikozaliwa, alikosoma, alivyoolewa, watoto aliowalea. Alipofika kwenye maisha yetu ya Karagwe alisema, "Marehemu alimsindikiza mumewe katika utume nchini Tanzania," kisha akakimbilia habari za kwaya. Nilirudia neno lile kimoyomoyo. Alimsindikiza! Mtu humsindikiza mgeni mpaka njiapanda, akampungia mkono, akarudi nyumbani kuinjika chungu. Mama yangu hakumsindikiza mtu.

Nilinyamaza kwa kuwa msibani hapagombwi. Lakini jioni ile mvua ilinyesha, kibanda cha nyasi walimopikia akina mama kikaanza kuvuja, na harufu ya nyasi zilizolowa, ya moshi uliokosa pa kutokea na ya nguo zisizokauka ikaniingia puani. Nikawa tena mtoto wa miaka saba, upande wa Nyabiyonza kulekule Karagwe, ndani ya nyumba ya udongo nyuma ya kanisa, nikiitazama nyumba ya matofali juu ya kilima, yenye paa la bati na isiyo na mtu ndani. Hasira niliyodhani imekwisha nikaikuta palepale nilipoiacha, haijapoa hata kidogo.

Wazazi wangu walikuwa wamisionari. Nalisema waziwazi kwa sababu wengi wakilisikia neno hilo huona kofia pana na uso uliobabuliwa na jua. Baba alikuwa mwinjilisti, Mtaita wa milimani kule Kenya, mtu mrefu na mpole kupita kiasi. Mama alifundisha shule ya Jumapili na alijua cherehani. Kanisa letu la nyumbani lilikuwa limepata wazo, nadhani kwa mara ya kwanza, kwamba nasi tunaweza kutuma watu badala ya kupokea tu. Wakachanga, wakafunga na kuomba, wakawawekea wazazi wangu mikono mbele ya watu wote. Mimi na mama tukashonewa magauni ya kitambaa kimoja, cha bluu. Tulipanda mabasi mpaka nikasahau tulikotoka, tukapanda meli Mwanza ambamo nilitapika usiku kucha, na kutoka Bukoba tukabebwa na lori lililojaa magunia ya chumvi.

Walikuja kutupokea kwa ngoma. Waliweka migomba miwili kama lango, wakajipanga mistari huku na huku, watoto wameshika maua. Lori liliposimama baba akashuka, akamshusha mama aliyekuwa na mimba ya mdogo wangu Mwakio, kisha akanishusha mimi. Wimbo uliendelea, lakini macho ya watu hayakutua kwetu. Yalitupita yakaingia ndani ya lori. Mzee mmoja mwenye koti jeusi alipanda juu ya gurudumu akachungulia nyuma, kati ya magunia.

"Wamisionari wako wapi?" akamwuliza dereva.

Baba akatabasamu, akamsogelea. "Ndio sisi, mzee wangu. Shikamoo."

Mzee alisahau hata kuitikia. Wimbo ulikufa kipande kwa kipande, kwanza akina mama wa mbele, kisha watoto, mwisho mpiga ngoma ambaye hakuwa ameona kinachoendelea. Mtoto mmoja alinikabidhi maua yake huku akitazama bado upande wa lori, labda Mzungu amelala ndani ataamka.

Huyo mwenye koti alikuwa Mzee Zakaria, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa. Hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angekuwa mfokaji, pengine tungejua mapema namna ya kupambana naye. Alitupitisha chini ya nyumba ya matofali, akatupeleka nyuma ya kanisa kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa stoo ya mabenchi mabovu. Nyasi za paa lake zilikuwa nyeusi kwa uzee.

Mama aliweka mzigo chini. "Na ile ya juu, mzee, anakaa nani?"

"Ile ni nyumba ya wamisionari."

"Na sisi ni akina nani?"

"Ninyi ni ndugu zetu," alijibu kwa sauti ya asali. "Mtakaa kama tunavyokaa sisi wenyewe."

Ungemjibu nini mtu anayekuita ndugu? Baadaye tulikuja kuona kwamba Mzee Zakaria mwenyewe alikaa nyumba ya bati, yenye sakafu ya saruji na tangi la mvua pembeni.

Nyumba ya juu ilikuwa imejengwa na Mzungu aliyeishi pale na mkewe, wakarudi kwao likizo na hawakuonekana tena. Ilikuwa na mlinzi, Gaspari, mzee mwembamba ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, na ambaye alifagia veranda ile kila asubuhi kana kwamba kuna watu walioichafua. Nilipenda kwenda kumtazama. Kupitia kioo cha dirisha niliona viti vimefunikwa mashuka meupe, meza ndefu, na kitanda chenye godoro nene kama ukuta.

"Babu Gaspari, mbona hakuna mtu anayelala humo?"

"Bwana akirudi lazima akute nyumba yake kama alivyoiacha," alisema, akaendelea kufagia.

Jumapili iliyofuata baba alihubiri juu ya watumishi wanaomngoja bwana wao, taa zinawaka, viuno vimefungwa. Heri mtumwa yule ambaye Bwana ajapo atamkuta akifanya hivyo. Mimi nikaunganisha. Sasa nilielewa kwa nini nyumba ile haiguswi. Bwana aliyekuwa akingojwa ni Yesu! Nilijua ameahidi kurudi, ila sikujua kwamba atafikia Nyabiyonza, na kwamba atahitaji godoro. Sikumwambia mtu. Kila nilipopita pale nilinyamaza, na siku moja niliweka ua mlangoni. Mtu yeyote aliyenung'unika juu ya nyumba ile, hata mama yangu, nilimwona anakufuru. Ninapoukumbuka unyenyekevu wangu ule wa kitoto ndipo damu hunichemka zaidi, kwa maana kulikuwa na watu wazima, wenye mvi na Biblia kwapani, waliolitumia jina hilohilo la Bwana kufungia mlango, nao walijua vizuri ni bwana yupi.

Maisha yakaanza. Baba alikuwa na baiskeli, akienda makanisa madogo ya mbali, hata Kituntu, akirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mama aliwafundisha akina mama kushona na kusoma. Ila kwanza ilimbidi yeye afundishwe. Wageni wa kwanza waliotutembelea aliwasongea ugali, mweupe, safi, kama unavyopikiwa mkwe kwetu. Walikula kidogo kwa adabu, na kesho yake habari ikazagaa kwamba wamisionari wa Kenya wana njaa, hawana hata ndizi. Kule ugali ulikuwa chakula cha mwaka mbaya na cha shule. Nyumba isiyo na mkungu wa ndizi si nyumba.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Mama Kokugonza, mwongozaji wa kwaya ya akina mama, mwanamke wa kifua kipana na kicheko cha ghafla. Alikuja na mkungu kichwani, akakaa chini na mama, wakamenya ebitoke, zile ndizi za kupika, pamoja mpaka mikono ya mama ikawa myeusi kwa utomvu. Alimfundisha kuzipika na maharage, kufunika chungu kwa majani ya mgomba, kutandika nyasi laini sakafuni mgeni anapokuja.

"Na ukimsalimu mkubwa, Mama Wakesho, piga magoti, waitu, tafadhali," alimwambia. "Ukisimama wima hivyo watu wanadhani unagombana nao."

"Kwetu tunapiga magoti kwa Mungu tu."

"Hapa kwetu magoti yanatosha kwa wote."

Mama alicheka, na tangu siku hiyo alipiga magoti. Alijifunza maamkizi yao, alijifunza kupokea kwa mikono miwili kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna anayopewa mgeni. Mimi nilidhani ni karanga, nikatia kiganja kizima mdomoni, na ule uchungu wenye harufu ya majani na moshi ukanitoa machozi mbele ya wazee. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nataka niwe wa haki: watu wale walitupenda walipotuzoea. Walituletea ndizi mbivu, walitupa juisi ya ndizi kwenye kibuyu, walimkanda mama alipojifungua Mwakio. Ila hawakuacha kuuliza. Sokoni Kayanga mwanamke mmoja alimwuliza mama, bila ubaya wowote, "Ninyi mmetangulia? Wenyewe wanakuja lini?" Na Mzee Zakaria hakuwahi, hata mara moja, kumwita baba mmisionari. Alimwita Mwinjilisti. Akitangaza wageni kanisani alisema, "Tunaye pia ndugu yetu kutoka Kenya anayetusaidia."

Kisha masika yakaja. Sijui kama naweza kumweleza aliyezaliwa chini ya bati maana ya paa la nyasi lililokufa. Maji hayadondoki tu. Yanachuruzika ukutani, udongo unalainika na kuanza kunuka, mikeka inakuwa mizito, kuni zinalia na kutoa moshi bila moto. Mama alisogeza kitanda kutoka kona hii hadi ile. Sabuni ilikuwa adimu miaka ile, nguo za mtoto zilifuliwa kwa maji matupu na hazikukauka. Baba alipanda juu na wanaume wawili wakaweka nyasi mpya, lakini mvua haikuwapa nafasi ya kumaliza.

Mwakio akaanza kukohoa. Alikuwa bado hajakaa. Kikohozi kikashuka kifuani, na alipovuta pumzi mbavu zake zilibonyea ndani kama kitambaa kilichovutwa. Mama alimpeleka zahanati, tukatembea kwenye utelezi, mimi nimebeba mwavuli uliovunjika. Mganga alimchoma sindano, akamsikiliza tena, akamtazama mama usoni.

"Anakaa wapi mtoto huyu?"

Mama akamweleza.

"Dawa nimempa. Lakini akiendelea kulala kwenye unyevu ule, mama, nisikudanganye."

Tulipitia kwa Mzee Zakaria palepale, hata kabla ya kufika nyumbani. Alikuwa barazani kwake, pakavu, anakunywa chai. Mama alipiga magoti, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba. Tufungulie ile nyumba, tumlaze mtoto chumba kimoja tu mpaka mvua zipungue. Tutalala chini. Hatutagusa kitu."

Mzee alimimina chai nyingine. "Pole sana, mama. Tumwombee mtoto. Lakini ile nyumba si yangu. Vitu vyote vimo ndani. Bwana akirudi akute vimeharibika, nitasema nini?"

"Utasema mtoto wa mtumishi alikuwa anakufa."

"Wazungu hawaelewi mambo hayo. Kanisa hili limejengwa kwa misaada yao. Tukiwaudhi, ni nani atatusaidia tena? Wewe?" Akatabasamu, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Nitalipeleka kwenye baraza. Tunakutana mwisho wa mwezi."

Nakumbuka matope kwenye magoti ya mama aliposimama. Hakuyapangusa. Njiani nilimhurumia Mzee Zakaria, Mungu anisamehe, kwa kuwa niliona ana kazi ngumu ya kumtunzia Yesu vitu vyake.

Jioni baba aliposikia aliketi, mikono kati ya magoti. "Tuvumilie kidogo," alisema. "Sisi ni wageni. Tukianza kwa ugomvi, kazi yote itaharibika."

"Kazi gani?" mama aliuliza.

Asubuhi baba alipanda baiskeli yake akaenda Kituntu kwa sababu alikuwa ameahidi, na mtu wa Mungu hutimiza ahadi. Mvua ikaanza tena kabla ya mchana. Pale kitanda kilipokuwa kimehamishiwa pakaanza kudondoka. Mama alikaa akimpakata Mwakio, akimsikiliza, na mimi nilimsikiliza yeye akisikiliza. Kisha akasimama. Alimfunga mtoto mgongoni, akamfunika kwa kanga mbili na ngozi ya mbuzi, akachukua jembe la kulimia lililokuwa nyuma ya mlango.

"Wakesho, beba blanketi."

Tulipanda kilima mvua ikitupiga usoni. Nilipotambua tunakokwenda nikaanza kulia. "Mama, hapana! Mama, Bwana atakuja!" Hakunisikia, au alisikia asielewe. Gaspari alikuwa verandani, amejikunyata ndani ya koti kuukuu. Aliliona jembe, akamwona mtoto, akasimama.

"Gaspari, nifungulie."

"Mama, ufunguo anao Mzee. Mimi niliambiwa asiingie mtu. Wakinifukuza hapa nitaenda wapi? Mimi sina shamba." Akautazama mgongo wa mama, ule mkono mdogo wa Mwakio uliokuwa ukining'inia nje ya kanga. Akageuka upande wa bonde. "Nadhani ng'ombe wameingia kwenye kahawa kule chini," akasema. "Ngoja nikawafukuze."

Hapakuwa na ng'ombe. Alishuka taratibu kwenye mvua, wala hakugeuka nyuma.

Mama alilipiga lile kufuli kwa kisigino cha jembe. Sauti yake bado naisikia, chuma kwa chuma, mtoto akirukaruka mgongoni. Kufuli halikuvunjika, misumari ya pete yake iling'oka, ubao ukapasuka, mlango ukafunguka wenyewe. Mimi nilikuwa nimejitupa chini verandani, nimefunika macho, nikingoja radi ya mwisho.

"Inuka, Wakesho. Unaogopa nini?"

"Ni nyumba ya Yesu! Umevunja nyumba ya Yesu!"

Mama alisimama mlangoni akanitazama. Nikamweleza yote kwa kwikwi, Bwana akirudi, taa zinawaka, ua nililoweka. Sikumwona mama akilia kwa ajili ya ile nyumba ya udongo, wala kwa Mzee Zakaria. Alilia pale. Akaniinua kwa mkono mmoja, akaniingiza ndani.

"Angalia," alisema. "Angalia vizuri mwanangu."

Nikaangalia. Kulikuwa na mavi ya panya juu ya mashuka meupe. Kulikuwa na buti za mvua, rafu ya makopo ya nyama yaliyoanza kufura, kabati lenye mablanketi, makubwa, ya sufu, manne, yaliyokunjwa na kutiwa dawa ya nondo. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke weupe wamesimama kwenye theluji na mbwa wao.

"Bwana ni huyu," mama alisema. "Mtu tu. Anasikia baridi kama wewe."

Nilimtazama yule mtu na mbwa wake. Sikuwahi kudanganywa kiasi kile, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa hakuna aliyenidanganya. Nilikwenda kabatini mwenyewe nikavuta blanketi.

Mama aliwasha jiko la chuma kwa ubao uliopasuka wa mlango. Chumba kilipopata joto alimvua Mwakio nguo zote zilizolowa, akamviringisha ndani ya sufu. Kabla ya jioni Mama Kokugonza alitokea na mzigo wa kuni kavu na ndizi, nyuma yake akina mama wengine wa kwaya, mmoja ana maziwa. Hawakuuliza kitu. Wazee walipofika, Mzee Zakaria mbele na mwavuli, waliwakuta wanawake wameketi verandani wanamenya, na maganda yametapakaa mpaka ngazini.

"Huu ni wizi," Mzee alisema.

Mama Kokugonza alimwamkia kwa heshima zote, magoti chini, kisu bado mkononi. "Mzee wetu, mtoto amelala. Ukitaka kumtoa, pita, mtoe mwenyewe kwa mikono yako. Sisi tutakuangalia."

Mzee alisimama kidogo pale na mwavuli wake. Kisha akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Baba alirudi jua linazama. Alichofanya ndicho kilichoniuma zaidi. Alisimama nje, maji yakimtiririka, akautazama mlango uliovunjika kama mtu anayetazama ajali. Mama alimwita aingie. Alisema, "Sijui umefanya nini," akashuka kwenda kulala peke yake katika ile nyumba inayovuja. Nilimchukia baba yangu. Nilimwona amechagua upande, na upande wenyewe si wetu.

Mwakio alipona. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, akaanza kunyonya kwa pupa. Baraza la wazee, ambalo halikuweza kukutana kwa ajili ya mtoto mgonjwa mpaka mwisho wa mwezi, lilikutana mara moja kwa ajili ya mlango. Wakaamua kwamba mama ametenda dhambi ya wazi. Atatengwa na meza ya Bwana, ataketi kwenye benchi la nyuma, na Jumapili ataitwa mbele atubu. Wakamwongezea baba mzigo: yeye ndiye atakayemwita, kutoka mimbarini, ili usharika uone kwamba hakuna upendeleo.

"Nitubu nini?" mama alimwuliza baba usiku wa Jumamosi. "Kwamba mwanangu anapumua?"

Benchi la nyuma lilikuwa karibu na mlango. Waliketi pale walevi, mwanamume aliyeoa mke wa pili, wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, kamwe si wale waliowapa hizo mimba. Mama aliketi katikati yao amevaa gauni lake la bluu, amempakata Mwakio. Nilikataa kukaa na watoto wenzangu mbele, nikakaa naye. Kanisa lilijaa kuliko siku ya Krismasi, maana aibu ya mtu haikosi watazamaji.

Baba alipanda mimbarini. Alifungua Biblia. Akaanza, "Ndugu zangu katika Bwana," akakoma. Aliangalia kile kitabu muda mrefu hata watu wakaanza kukohoa. Mzee Zakaria, kwenye kiti chake cha mbele, alimfanyia ishara kwa kichwa, endelea. Baba akaifunga Biblia. Akashuka zile ngazi, akapita katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia kwenye saruji, na mimi nilidhani anatoka nje, anatukimbia tena. Alipofika benchi la nyuma akamwambia yule mlevi, "Nisogezee nafasi, ndugu yangu," akaketi pembeni ya mama. Akanyoosha mikono, akampokea Mwakio.

Mzee Zakaria alisimama, akatazama mimbari tupu, akatutazama sisi. Alipokosa la kufanya akaanzisha wimbo. Kwa kawaida Mama Kokugonza angeudaka kabla ya mstari kwisha. Alikaa na mdomo wake umefungwa, mikono kifuani, na kwaya yake yote ikamtazama yeye. Mzee aliimba ubeti mzima peke yake, sauti ikimkatika, mpaka mwisho, kwa sababu hakujua namna ya kuacha.

Walitushinda hata hivyo. Sipendi hadithi zinazowadanganya watu. Barua zilikwenda Taita zikisema baba hafai, na kabla ya mavuno ya kahawa tuliitwa nyumbani. Gaspari alifukuzwa kazi wiki ileile ya mlango, na mpaka leo sijui alikokwenda. Nyumba ya juu ikatiwa kufuli jipya, kubwa zaidi. Baba hakupewa kanisa tena. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na pale nyumbani wakasema miongoni mwao kwamba hatukuuweza utume, labda Waafrika bado.

Miaka mingi baadaye, kabla baba hajafa, tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na yeye, akaniambia kwamba aliwahi kukutana na yule Mzungu mwenye nyumba kwenye mkutano mmoja Nairobi. Alikuwa mzee, mchangamfu. Baba akamsimulia. Yule bwana alicheka kwa mshangao, akampiga begani. "Lakini mngeniomba tu!" alisema. "Mimi nisingekataa. Hata sikuwa na mpango wa kurudi."

"Ukamjibu nini?" nilimwuliza baba.

"Nilimwambia asante."

Nililiweka gunzi chini kwa nguvu. Nikamwuliza kile ambacho sikuwahi kuthubutu kumwuliza, kama hajuti kushuka mimbarini siku ile, kupoteza kazi yote aliyoitiwa.

"Najuta jambo moja," alisema. Aliendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo. "Siku mama yako alipopanda kile kilima, nilikuwa Kituntu nahubiri juu ya upendo. Alikwenda peke yake."

Baba nilimsamehe papo hapo. Wale wengine, bado.